Msasa wa Mama Mkwe

Emojong hakuwa mtu wa kelele, jambo la ajabu kwa mtu aliyekula kwa nyundo tangu ujana wake. Kelele zake zote alizimalizia kwenye sufuria za watu. Lakini mwaka wa sabini na nane, mto Nzoia ulipovunja kingo na mama mkwe wake akahamia kwake Malaba, majirani wa karibu na stesheni ya reli walianza kumwona akitembea peke yake huku midomo ikicheza, na mara moja moja mkono ukiruka hewani kana kwamba anafukuza nyuki.

Mama mkwe huyo aliitwa Wilkista, mjane kutoka Rukala, mwembamba, mwepesi, asiyejua maana ya kukaa kitako. Maji yalimtoa nyumbani na kuku mmoja na kikapu cha nguo, na hakukuwa na wa kulaumiwa. Kwa binti yake Rosebella ndiko kulikokuwa na mwinuko. Tatizo ni kwamba kwa Wateso wa Emojong na kwa Wanyala wa Wilkista, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na Emojong aliiheshimu. Alichoshindwa kuelewa ni jinsi wazee waliotunga heshima hiyo walivyosahau kusema mtu afanye nini kama mama mkwe analala jikoni kwake na choo ni kimoja.

Basi akaishi kwake kama mwizi. Akitaka kutoka, anakohoa. Akitaka kurudi, anakohoa. Akisikia kikohozi kutoka jikoni, anazunguka nyuma ya nyumba na kujificha kwenye mahindi. Jioni moja alisimama humo mpaka umande ukamlowesha miguu, kumbe kikohozi alichosikia kilikuwa cha mbuzi. Rosebella alicheka mpaka akakaa chini. Emojong hakuona cha kuchekesha.

Hayo angeyavumilia. Kilichomtoa roho ni kusugua. Kwao Wilkista mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Mgeni akipita uani akaziona zimepangwa kwenye uchaga zikimetameta, anajua amefika kwa watu. Kwa hiyo kila asubuhi mama huyo alikusanya majivu, mchanga na majani makavu ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akaanza kazi. Alisugua sufuria mpaka Emojong akahofia zitatoboka, na wa kuziziba ni yeye mwenyewe. Akasugua taa. Akasugua jembe. Siku moja aliichukua koleo ya karakana, akaitoa mafuta yote yaliyoilinda miaka na miaka, akaianika juani baada ya kuiosha, na kesho yake ilikuwa na kutu kama msumari uliookotwa barabarani.

"Mwambie mama apumzike," Emojong alimwambia mkewe. "Na mwambie vitu ya kazi yangu asiguse."

Rosebella alienda jikoni, akarudi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Nimesema baba anashukuru sana, lakini usijichoshe."

"Rosebella, mimi nimesema asiguse."

"Sasa unataka nimwambie mama yangu, mtu maji imembebea nyumba, ati asiguse? Atafunga kikapu leo leo. Halafu watu watasema nini?"

Ikawa hivyo. Kila neno kali lililotoka kwa Emojong lilifika jikoni likiwa asante. Naye Wilkista, kwa kusikia jinsi mkwe wake anavyoshukuru, akaongeza bidii.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mambo yaliharibika siku ile ya Ijumaa, ni lazima ajue kwamba Emojong hakuzaliwa kuziba sufuria. Alipokuwa kijana alivuka kwenda Tororo kutafuta kibarua, akaangukia kwenye karakana ya Mhindi mmoja aliyeitwa Jivan, mfua shaba, na baba yake alikuwa mfua shaba, na babu yake vilevile. Jivan alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kusifu kitu chochote chini ya jua. Emojong alianza kwa kuvuta mivukuto, kisha akapandishwa cheo akawa msuguaji. Wasuguaji waliingia ndani ya masufuria makubwa ya karamu miguu mitupu, wakatia mchanga na kitambaa chini ya nyayo, wakashika kamba ya darini na kuzungusha kiuno kushoto na kulia mchana kutwa mpaka shaba itakate. Baadaye sana ndipo aliporuhusiwa kushika nyundo, na siku ya kwanza aliilaza chini, uso wake kwenye mchanga. Jivan alimgonga vidole kwa rula.

"Uso wa nyundo ni kioo," alisema. "Mkwaruzo wa nyundo unahamia kwa shaba. Ukiweka mchanga hapo, kila bakuli utakayofua itabeba kosa lako."

Wahindi walipofukuzwa Uganda, Jivan alivuka mpaka na kwenda kuishi Kisumu kwa ndugu zake, mzee tayari na mikono imeanza kutetemeka. Emojong akarudi ng'ambo ya kwao, Malaba, na huko akawa fundi wa kila kitu kinachovuja. Karai, kopo, taa, tangi la lori. Kufua chombo kipya hakuweza, maana kazi hiyo inataka nyundo za nyuso mbalimbali na vyuma vya kufulia vya kila mviringo, na hivyo Jivan aliondoka navyo ndani ya sanduku lake la mbao. Miaka sita Emojong alikuwa na ujuzi kichwani na hana cha kuufanyia kazi. Jambo hilo lilimkereketa zaidi ya alivyomwambia mtu yeyote.

Halafu Okedi, dereva wa lori aliyekuwa akipita Kisumu, akashusha gunia zito mlangoni kwake.

"Mzee Jivan anakusalimia," Okedi alisema. "Mjukuu wake anaolewa. Anataka hivi vyombo vya nyumba vitiwe bati upya. Anakuja Jumamosi mwenyewe kuangalia, na anakuja na sanduku yake. Akipenda kazi, sanduku inabaki hapa. Asipopenda, inarudi na yeye."

Emojong alimwomba arudie, na Okedi akarudia.

Ndani ya gunia mlikuwa na sinia moja pana, birika la shingo ndefu na bakuli kadhaa, vyote vya shaba nyekundu, vilivyofuliwa na babu yake Jivan kabla reli haijafika Malaba. Emojong alikaa navyo mapajani kwanza kabla ya kuwasha moto. Alipitisha kidole kwenye bakuli na kuhisi mapigo ya nyundo yakizunguka kutoka kitako kupanda juu, mstari baada ya mstari, yamekaribiana kama punje za muhindi. Bakuli kama lile lilianza likiwa duara bapa tu la shaba. Lilichomwa likawa jekundu, likatumbukizwa majini, na hapo ndipo watu hushangaa, kwa kuwa chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu lakini shaba inalainika. Kisha lilipigwa kwa kuzungushwa juu ya chuma cha kufulia mpaka likaanza kukunja mabega. Shaba ikipigwa inachoka na kukakamaa, na ukiilazimisha inapasuka, kwa hiyo inarudishwa motoni, na nyundo inaanza tena. Birika nalo lilikuwa na maungo ubavuni, meno ya upande mmoja yameingia katikati ya meno ya upande wa pili kama vidole vya mikono iliyoshikana, yakaunganishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa. Ilibidi ulitazame juani ndipo uuone ule mshono.

Bati la ndani ndilo lililokuwa limekwisha. Shaba tupu ikikutana na kitu kichachu, maziwa lala au ukwaju, inatoa kutu ya kijani inayoweza kuwalaza wageni wa harusi nzima. Kwa hiyo ndani hupakwa bati, jeupe kama maziwa. Kabla ya kulipaka unasugua la zamani lote litoke, na kusugua huko ndiko Emojong alikokuchukia tangu Tororo. Alisugua bakuli vizuri. Alisugua sinia vizuri. Alipofika kwenye birika, mkono wake mpana haukupita shingoni, na kule chini kwenye kona bati la zamani lilikuwa limeng'ang'ania, jeusijeusi. Alihangaika nalo kidogo kwa kijiti. Kisha akajiambia kwamba bati lililong'ang'ania hivyo ni bati zuri, akapaka jipya juu yake, na kona za bakuli mbili akazifanyia vilevile kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Akatumia ufito wake wa mwisho wa bati. Ndani yote ikawa nyeupe na ikapendeza, naye akaamini hakuna atakayejua.

Ijumaa alienda Busia kutafuta sukari ya chai ya mgeni, maana ya Malaba yote ilikuwa imeshavushwa kwa magendo. Alimwachia Rosebella neno moja tu: vyombo visiguswe. Rosebella akampelekea mama yake neno hilo kwa namna yake, kisha akaenda sokoni.

Aliporudi jua linaelekea kuzama, Emojong alikohoa langoni, akasikiliza, akaingia. Na pale uani, kwenye uchaga wa jikoni, sinia, birika na bakuli zilikuwa zimepangwa zikiwaka juani. Nyekundu nje. Nyekundu ndani. Chini ya uchaga kulikuwa na lundo la majani ya msasa yaliyosagika, na kijiti kirefu kilichofungwa msasa nchani.

Kiko wapi kikohozi wakati kama huo. Emojong alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akasimama pale, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Mama, nani alikuambia ni uchafu? Hiyo nyeupe ni kazi. Ni kazi yangu, na bati imekwisha, na mzee anakuja kesho. Umenimaliza, mama. Umenimaliza kabisa."

Wilkista alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini polepole, akavuta leso yake mpaka ikafunika uso wote, akageukia ukuta. Emojong aliona mabega yake madogo yakitetemeka chini ya kitambaa. Akarudi nyuma, akagonga kichwa kwenye paa, na hilo nalo likamuudhi.

Rosebella alipofika akaelezwa na pande zote mbili, upande mmoja kwa maneno na mwingine kwa kilio.

"Umesemesha mama yangu," alimwambia mumewe.

"Ametoa bati yote."

"Bati ni bati. Umesimama mlangoni, umemwangalia."

"Rosebella, sanduku ya Jivan inarudi Kisumu. Unaelewa? Nitakufa nikiziba makarai."

"Na wewe unaelewa?" Rosebella alisema, sauti imeshuka. "Anakula chakula yako, analala kwako, na hawezi kukuambia asante kwa mdomo. Ulitaka akushukuru na nini?"

Swali hilo lilimkasirisha Emojong zaidi ya yote. Alilala akitazama ukuta.

Asubuhi Rosebella alimsindikiza mama yake, na kikapu, na yule kuku, mpaka kituo cha mabasi. Akamkatia tikiti ya Bumala, njia ya kwao, akamkalisha, akaenda zake sokoni kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na mihogo haijiuzi. Hakumuaga mumewe.

Jivan alifika mapema, ndani ya gari la mpwa wake. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yaleyale. Hakutaka chai. Mpwa aliteremsha sanduku la mbao, akaliweka uani, na Emojong akalitazama kama anavyotazamwa mtoto anayepelekwa mbali. Kisha akaleta vyombo, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Jivan aliinua bakuli la kwanza, akalitazama ndani, akakunja uso.

"Bati iko wapi?"

"Haiko, mzee."

"Hii naona. Nauliza iko wapi."

Kusema mama mkwe wangu ameisugua kulionekana jambo la aibu hata masikioni mwa Emojong mwenyewe. Jivan alikuwa tayari ametoa kisu kidogo mfukoni. Alikikwaruza kwenye kona ya bakuli, akatazama ncha. Akachukua la pili. Halafu akalichukua birika, akaingiza kipande cha waya shingoni mpaka chini, akakizungusha kwenye kona kwa muda mrefu, akakitoa na kukishika juani. Kilikuwa safi.

"Nani amesugua hii?"

"Mama mkwe," Emojong alisema kwa sauti ndogo.

Jivan alikaa juu ya sanduku lake. "Mimi sikuja kuangalia bati," alisema. "Bati kila mtu anapaka. Nilikuja kutafuta bati ya zamani hapa chini, kwa kona. Vijana wote niliofundisha wanaiacha hapo, wanapaka mpya juu, wanafikiri mzee haoni. Ningeikuta, sanduku ingerudi na mimi. Lakini hii imetoka yote. Babu yangu mwenyewe hakuisafisha hivi."

Emojong alihisi masikio yakipata moto. Angesema nini? Aliyemwokoa ndiye mama ambaye yeye mwenyewe alimfukuza, na asingeweza kumwambia Jivan ukweli wa zile kona, asingeweza kumshukuru Wilkista, na hasira yake ya jana, nzuri kabisa, iliyojaa haki, haikuwa na pa kukaa tena.

"Washa moto," Jivan alisema, akafungua sanduku na kutoa ufito wa bati.

Kazi ikaenda kama haijawahi kwenda. Chombo kilishikwa juu ya makaa mpaka kikawa tayari, ile chumvi nyeupe ya mafundi ikanyunyizwa na moshi wake ukawachoma pua, bati likagusishwa na kuyeyuka kama samli, pamba ikalisambaza kwa mkono mmoja wa haraka. Shaba iliyosafishwa hivyo ililinywa bati bila ubishi, mpaka chini kwenye kona. Jivan alitazama kila chombo. Hakusifu. Alivifunga kwenye shuka, mpwa akavipakia, na mzee akaingia garini akiliacha sanduku wazi pale uani, nyundo zake zimelala ndani kwenye mafuta mazito meusi, kila uso wa nyundo kioo chini ya mafuta hayo.

"Huyo mama asiondoke, fundi," alisema dirishani.

Fundi. Miaka yote hiyo alikuwa "wewe kijana". Gari lilikuwa halijafika barabarani na Emojong tayari anakimbia kuelekea kituoni, aproni kiunoni na masizi usoni.

Basi la Bumala, lililongoja lijae tangu asubuhi, lilikuwa linanguruma. Emojong alifika mlangoni, akageuka haraka, kisogo kikilielekea basi.

"Kondakta," alisema huku anahema. "Ndani kuna mama ako na leso ya kijani na kuku. Mwambie asiende."

"Si umwambie mwenyewe, boss. Ako hapa mbele."

"Siwezi. Ni mkwe."

Kondakta alikuwa mtu wa Bumala, na mila ya wakwe aliijua. Papo hapo alivua kofia. "Mama," alisema kwa adabu, "huyu bwana anasema usiende."

Kisha sauti ndogo ikasema kitu.

"Anasema ulimfokea," kondakta akaeleza.

"Mwambie ni kweli. Mwambie nilikosea mimi, na si jana tu. Mwambie kazi imepita kwa sababu ya mkono yake. Hiyo maneno uifikishe vile ilivyo, usiongeze asante."

"Lakini anataka kujua kama unashukuru."

Emojong alifumba macho. "Mwambie nashukuru."

Abiria waliokuwa wamenyamaza wakaanza kuguna kwa kuridhika. Wilkista alishuka kwa mlango wa nyuma, kikapu kichwani na kuku kwapani, basi likaondoka, na Emojong akabaki amegeukia ukuta wa duka la kuuza parafini, kwa adabu, akimpa nafasi ya kutangulia. Alimsikia akipita. Hatua zilikuwa nyepesi na zenye haraka, hatua za mtu mwenye moyo uliotulia na asiyetaka kurudi mikono mitupu kwa watu waliomtendea wema.

Ndipo alipokumbuka sanduku. Liko uani, wazi, na nyundo zimejaa mafuta meusi ambayo mama yeyote wa Rukala angeyaona kuwa uchafu. Rosebella yuko sokoni. Mchanga uko palepale ulipoachwa, na majani ya msasa vilevile.

Alichungulia. Leso ya kijani ilikuwa tayari inakata kona ya stesheni. Kumwita ni kumsemesha, na kwa kumsemesha mkwe mara mbili ndani ya siku mbili hakuna anayesamehewa. Kumpita njiani ni vibaya vilevile. Emojong aliruka mtaro, akaingia kwenye mihogo ya jirani na kuanza kukimbia ameinama, matawi yakimchapa usoni, huku akisema kwa sauti maneno ambayo Rosebella angeyafikisha jikoni yakiwa asante.